Gusa Kwanza, Mpira Baadaye

Siku hizi nasinzia mchana. Nikishakula na kukaa kwenye kiti changu cha kamba hapa barazani Lulindi, macho yanajifunga yenyewe, nanyi wajukuu mnapita mkicheka, "Bibi anakoroma." Sikoromi. Nipo kazini. Inakuja mikono. Si watu wazima wazima, mikono tu, inatokea ndani ya ukungu mmoja baada ya mwingine, ya wakulima, ya akina mama, ya askari, na kila mmoja unanyooshwa mbele yangu kiganja kikitazama juu. Mimi naipapasa kutafuta mshipa. Nyuso nyingi nimezisahau, Mungu anisamehe, lakini mikono nikiiona naijua.

Ninyi mnaotoka vyuoni na magauni yenu meupe mmeniomba niwaambie uuguzi wetu ulikuwaje. Najua mnachotaka. Mnataka niwachekeshe na mabomba ya sindano ya kioo tuliyokuwa tukichemsha kwenye sufuria, na sindano tulizonoa kwenye jiwe mpaka zikaisha. Haya, ni kweli, tulinoa. Na kulikuwa na mzee mmoja alikuwa anadai achomwe na ile iliyonolewa leo leo, si ya jana, kana kwamba anachagua wembe wa kunyolea. Lakini leo nataka mnisikilize kwenye jambo moja, nalo ni la aibu yangu mwenyewe. Nimelibeba miaka mingi, sasa nimechoka kulibeba peke yangu.

Hospitali yetu ilikuwa kule juu, upande wa Newala, ukingoni kabisa mwa uwanda. Asubuhi za kipupwe ukisimama nyuma ya wodi hulioni bonde la Ruvuma, unaona weupe wa ukungu tu umejaa mpaka miguuni, na sauti za akina mama wanaopanda na maji zinatangulia kabla wao hawajaonekana. Maji yalipanda kwa vichwa vyao, debe baada ya debe. Daktari wetu, Mzungu aliyekuja kuchukua nafasi ya yule aliyestaafu, siku ya kwanza aliomba maji ya kuoga. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Baadaye alizoea kuoga kwa kikombe kama sisi, akawa anatafuna ming'oko, mizizi yetu ya porini, na kusema ni tamu kuliko viazi vya kwao.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Ng'ambo ya mto, Msumbiji, kulikuwa na vita vya kuwafukuza Wareno, na watu walivuka kila wiki. Wengine walivuka na vyungu vyao na kuku, wengine na majeraha. Wamakonde wa kule na wa huku ni ndugu, wanaelewana, kwa hiyo wodi ilijaa mazungumzo ambayo mimi, Mmakua wa Lulindi, niliyafuata kwa kuruka ruka. Walinitania sana kwa hilo. Nikiitikia kitu ambacho sikukielewa, wodi nzima inaangua kicheko, nami nacheka nao.

Basi, tuanze na mkono wenyewe, maana ndio shina la habari yote.

Mmefundishwa hivi, na sisi tulifundishwa hivyo hivyo: ateri moja kubwa, ya damu inayosukumwa na moyo, inatoka kwapani, inashuka kwa upande wa ndani wa mkono, inafika kwenye kiwiko, hapo inagawanyika mara mbili. Tawi moja linafuata upande wa kidole gumba, ndilo mnalohesabia mapigo. Tawi la pili linafuata upande wa kidole cha mwisho, nalo linazama ndani chini ya misuli. Vena, zinazorudisha damu moyoni, ndizo zinazopita juu, chini ya ngozi, zimelala kimya. Ukiyaandika hayo kwenye mtihani unapasi. Mimi nilipasi vizuri tu.

Sasa mtu mwenye mkono usiosoma kitabu hicho akija, inakuwaje?

Alikuja Atanasi. Kijana mchongaji wa vinyago, mweusi tii, mcheshi, amebebwa kwenye machela kutoka mtoni na vipande vya bomu vimo kwenye paja lake. Alikuwa na mjomba wake, Mzee Likapa, na dada yake mdogo, Luisa. Kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, baba hata akiwepo, kwa hiyo Mzee Likapa ndiye aliyekubali mpwa wake apasuliwe. Mzee huyo alikuwa na matata! Alilalamikia chai, alilalamikia kitanda, alinusa tumbaku yake wodini na kupiga chafya mpaka wagonjwa wanaamka. Kwao alikuwa fundi wa nembo, zile chale za urembo walizochanjwa Wamakonde usoni na mwilini kwa kisu kidogo na kusuguliwa mkaa wa mbarika. Hakuna mwili uliopita mbele yake asiukosoe. "Huyu alichanjwa na mlevi," alikuwa anasema, mwenye mwili akiwa hapo hapo anasikia.

Mikono ya Atanasi ilichanjwa na mjomba wake mwenyewe, tangu begani hadi karibu na kifundo. Mistari imenyooka, pembe zimekaa sawa, ilikuwa raha kuitazama. Isipokuwa sehemu moja tu. Kwenye mkono wa kushoto, pale mbele ya kiwiko, upande wa ndani, mstari ulikatika. Palikuwa na pengo la upana wa kidole, ngozi laini isiyo na chale, halafu mstari unaendelea. Nilipoliona nikajisemea, kumbe na fundi naye huchoka.

Sisi wauguzi wa kule tulikuwa na ujanja wetu. Ngozi yenye nembo imevimba mistari, vena huioni vizuri, na sindano inateleza. Kwa hiyo tulizoea kutafuta mahali pasipo na chale, tunachoma hapo. Hakuna aliyetufundisha, tuliambukizana wenyewe kwa wenyewe, na tuliuonea fahari.

Daktari alikuwa ananawa. Aliniamuru nimpe Atanasi dawa ya usingizi, ile ya kuchoma kwenye mshipa. Nikafunga mpira mkononi, nikaukaza kwa nguvu kama nilivyozoea, nikatazama lile pengo. Mshipa mzuri umejichora hapo, mnene, umenyooka. Nikachoma. Nikafungua mpira, na kabla sijavuta bomba damu ikaja yenyewe, nyekundu ya kung'aa, ikiruka kidogo kidogo. Niliiona. Wajukuu zangu, niliiona kwa macho yangu haya, na nilichofikiri ni kwamba leo nina mkono mwepesi. Nikasukuma dawa.

Atanasi alipiga yowe ambalo hadi leo linaniamsha kwenye kiti. "Moto! Vidole vinaungua!" Nikatazama kiganja chake. Kilikuwa kinapauka mbele yangu, kinakuwa cha majivu, kuanzia kidole cha mwisho.

Daktari alikuja mbio na mikono inachuruzika maji. Akanizuia nisichomoe sindano, maana kwa njia hiyo hiyo alitaka kupitisha dawa ya kulegeza mshipa. Alihangaika na ule mkono kwanza, paja likasubiri, halafu akavitoa vipande vya bomu na kurudi tena kwenye mkono. Tulifanya kila tulichokuwa nacho, na tulichokuwa nacho kilikuwa kidogo. Baada ya siku kadhaa kidole cha mwisho kilikuwa cheusi na kikavu, cha pete pia, na nusu ya kile cha kati. Ilibidi vikatwe.

Sasa njooni kwenye aibu yenyewe. Daktari hakujua Kiswahili bado, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Alisimama mbele ya Mzee Likapa, Atanasi na Luisa, uso umemshuka, akasema kwa lugha yake: waambie kosa ni letu, dawa iliingia kwenye ateri badala ya vena, waambie tunaomba radhi. Akasubiri nitafsiri.

Nami nikasema: "Daktari anawapa pole sana. Anasema ni vipande vya bomu, vimeharibu damu ya mkono."

Sauti yangu wala haikutetemeka. Mzee Likapa akanitazama. "Bomu lilimpiga pajani," akasema. Nikamjibu kuwa vipande vilikuwa vingi, vingine vidogo havionekani. Akauliza, "Mlimchoma wapi sindano?" Nikasema mkononi, kama kawaida. Hakuuliza tena. Atanasi alikuwa analia kimya kimya na kulaani ndege za Wareno, moja moja, na rubani wake na mama wa rubani. Daktari akamshika bega, akidhani amesamehewa.

Niliogopa. Nilikuwa binti wa kwanza kwetu kuvaa kofia ya uuguzi, mama yangu aliitangaza kofia ile kanisani na sokoni. Sina utetezi mwingine zaidi ya huo.

Jioni yake Daktari aliniita, si kunigombeza. Alichukua karatasi akachora mkono. Akachora ateri kama kitabu kinavyosema, halafu pembeni akachora mikono mingine. Mmoja ateri yake imegawanyika mapema, huko juu karibu na kwapa, na lile tawi la upande wa kidole cha mwisho halikuzama, limepita juu juu chini ya ngozi na kukatiza mbele ya kiwiko, bega kwa bega na vena. "Huu ndio wa Atanasi," akasema. Mwingine una ateri ya tatu katikati, ile ambayo sote tunakuwa nayo tukiwa tumboni, kwa wengi inafifia, kwa wengine inabaki na kwenda mpaka kiganjani. Mwingine ateri ya kidole gumba imekata kona mapema na kupita nyuma ya mkono. Akaniambia watu hao si wagonjwa na wala hawajui kama wako hivyo. Wanalima na kuzeeka, na hakuna kinachowadhuru mpaka wakutane na mtu mwenye sindano au kisu.

Halafu akaniuliza, "Uligusa kabla ya kufunga mpira?"

Sikuwa nimegusa. Na hapo ndipo penye siri, shikeni. Mpira ukikazwa sana unazima mapigo, ateri inanyamaza na kujifanya vena. Ukigusa baada ya kufunga, umechelewa. Gusa mkono ukiwa huru, weka kidole, tulia, subiri. Pakidunda, ondoka hapo. Na damu ikija nyekundu inayoruka, usijisifu kama mimi. Simama, usisukume dawa yoyote, ita mkubwa wako.

Tangu siku hiyo nikawa mwendawazimu wa mikono. Kila mtu niliyemsalimia nilimshika hadi kiwiko. Sokoni Newala akina mama walinikimbia. Kulikuwa na mwalimu wa jiografia wa shule ya Chidya, mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, alikuja na mwanafunzi mgonjwa. Nilimpa mkono, nikamtafuta mapigo pale pa kawaida, sikuyapata. Nikapapasa, nikapapasa, nikayakuta nyuma, kwenye kile kibonde cha kidole gumba. Nilifurahi nikakishika kile kidole muda mrefu, nikitabasamu peke yangu. Maskini, akadhani nimempenda. Wiki iliyofuata akarudi na sabuni ya kunukia. Ndiye huyo babu yenu. Siku moja, tumeshazeeka, alilazwa na homa, muuguzi mwanafunzi akashika mkono wake na kukimbia barabarani akipiga kelele kwamba mzee amekufa. Babu yenu akainuka kitandani akaomba uji.

Nacheka, lakini turudi.

Ukapita kama mwaka. Familia ile ilipewa shamba kwenye kijiji kipya cha ujamaa, si mbali nasi. Nilipita huko na kikapu cha chanjo na nilimwona Atanasi amekaa chini, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo zake mbili, mkono wa kulia unagonga, wa kushoto unasaidia kwa vidole vilivyobaki. Gogo lilikuwa linamponyoka. Analifuata, analirudisha, linaponyoka tena. Alinisalimia vizuri, akaniita "Sista wangu". Nilizunguka nyumba nyingine zote nikaacha ile yao mwisho, halafu nikaondoka bila kuingia.

Asubuhi moja ya ukungu, machela ikatokea kwenye weupe ule. Mbele ameshika Atanasi, nyuma shemeji yake, na Mzee Likapa anafuata akihema. Juu yake yuko Luisa. Uchungu siku ya pili, mtoto amekaa vibaya, hatoki. Daktari alimpima akasema lazima apasuliwe sasa hivi, vinginevyo tutawapoteza wote wawili.

Mume wake, yule shemeji, alisema sawa. Lakini neno lilikuwa la mjomba, na Mzee Likapa alikaa chini kwenye saruji, mlangoni kabisa mwa chumba cha upasuaji, fimbo yake ikaziba njia.

"Shikamoo, mjomba," nikasema. "Tafadhali, tusichelewe."

"Marahaba. Kabla hujamgusa huyu, niambie Atanasi ulimchoma wapi."

Luisa alikuwa anaguna kwa sauti ya chini, ile ya mtu aliyeishiwa nguvu. Daktari, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado cha salamu tu, ananiuliza mzee anasema nini. Atanasi bado ameshika mti wa machela. Nilitafuta uongo mwingine, sitawaficha, niliutafuta kichwani na ulikuwepo tayari. Kisha nikatazama mkono wa kulia wa Luisa unaoning'inia, wenye nembo tangu begani, na pale mbele ya kiwiko mstari umekatika. Pengo lile lile.

 Nikakaa chini pale pale mbele ya mzee.

"Nilimchoma kwenye pengo," nikasema. "Pale ulipoacha kuchanja. Bomu halikuhusika, mjomba. Ni dawa yangu iliyoua vidole. Daktari aliniambia niwaambie ukweli na niwaombe radhi, mimi nikageuza maneno."

 Halafu nikamsikia Atanasi nyuma yangu, taratibu, kama anajisemea mwenyewe: "Mwaka mzima namlaani rubani wa watu."

Nililia. Mzee Likapa hakunibembeleza. Alisema, "Mimi nilijua siku ile ile. Lile pengo niliacha mwenyewe. Fundi hupapasa kwanza, ndipo akate. Pale kulikuwa na mshipa unarukaruka chini ya ngozi, nikaupita kando. Unadhani mkono wangu unatetemeka?" Hata saa ile aliudhika kwa ajili ya mstari wake.

Daktari alikwisha kuelewa kuna jambo, ingawa hakujua lipi. Alitaka amwite muuguzi mwingine achome. Nilimtafsiria mzee, safari hii neno kwa neno. Mzee akatikisa kichwa. "Yule hapana. Yule hajaogopa bado. Achome huyu."

Akaondoa fimbo. Akaingia nasi, na vumbi lake la tumbaku na kila kitu, Daktari hakuthubutu kumtoa. Mpira nilikuwa nao mkononi, akaninyang'anya akauweka mezani. Akashika kidole changu cha shahada, akakiweka kwenye pengo la nembo ya Luisa, akakaza kidogo. Nikasubiri. Mapigo yakaja. Yakadunda chini ya ngozi, karibu mno, naona haya kuwaambia jinsi yalivyokuwa karibu. Milimita chache pembeni vena imelala kimya.

"Ukoo wetu wote uko hivi," mzee akasema kwa fahari. Nikapapasa kiwiko cha mkono wa kushoto wa Luisa, mshipa ule haukuwepo. Mzee akanuna. Sikutaka kubahatisha kiwiko chochote, kwa hiyo nikashuka mpaka mgongo wa kiganja cha kushoto, nikapapasa hapo, kimya, nikapapasa tena, kimya. Ndipo nikaomba mpira wangu. Damu iliyokuja ilikuwa nyeusi nyeusi, ya uvivu. Nikasukuma dawa kidogo, nikamwuliza Luisa kama kunaungua. Akasema hapana. Nikasukuma kidogo tena. Akalala.

Nilipotoka nje ukungu ulikuwa umeanza kufunguka na jua limefika kwenye ngazi. Atanasi alikuwa amesimama hapo. Nilimwambia amepata mpwa wa kike, amelia vizuri, na dada yake yuko salama. Nilitegemea aulize habari ya mtoto, au aniseme, na nilikuwa tayari aniseme.

"Vidole vya Luisa?" akauliza.

"Vina joto."

"Vyote?"

"Vyote kumi, Atanasi."

 Akasema, "Rudi ukahesabu tena."

Nikarudi, nikahesabu.